Nikikunywa amoksi kisha imbu ikaniuma, bakteria ya mu tumbo yake inakuwa aje?

Mwana_Ndosho (Goma)

Bakubwa, mujambo. Niko na swali na tafazali musinicheke mbele sijamaliza.

Juzi mu oditwari prof alituambia kama imbu haiko tu shindano yenye mabawa, ndani ya tumbo yake muko bakteria mingi sana, na hizo bakteria njo zinaamua kama virusi itapita ao haitapita, kuna zenye zinafunga mulango na kuna zenye zinafungua. Saa ya maswali kura ya umeme ikakatika, projekta ikazimika, prof akasema tutaendelea juma ijayo, na juma ijayo yenyewe ni konje (likizo). Njo nimebaki nayo mu kichwa.

Ya kwanza: imbu iko na kinga ya mwili kama siye? Kama iko nayo, mbona haiue virusi yenye imebeba?

Ya pili njo inanisumbua kabisa. Dada yangu mukubwa kwetu, akikohoa ni amoksi (ile antibiotiki, dawa ya kuua bakteria), mutoto akiharisha ni amoksi, jino ikimuuma ni amoksi, anaendaka tu ku farmasi ya pa barabara anasema "nipe plaketi moja" na banamupa bila kumuuliza kitu. Sasa imbu ikikunywa damu yake yenye amoksi ndani, si dawa inaingia mu tumbo ya imbu? Inaua bakteria zake? Mi naona ingekuwa muzuri, juu mikrobe inakufa, imbu inakuwa safi. Ao niko najidanganya?

Na kuna odio inatembea mu WhatsApp, mutu anasema wazungu banafuga imbu, banazitia bakteria kisha banaziachilia mu miji. Ni kweli ao ni maneno ya pombe?

Nauliza juu kwetu Ndosho munajua maji ni ya bido na mapipa, chini ni majiwe ya volkano, kisima hauchimbe, kila kiwanja iko na pipa na kila pipa iko na imbu zake.


Kadutu_Boy (Bukavu)

Ndugu, imbu ya Ndosho inakunywa damu yenye amoksi, sombe na bia, hiyo imbu tayari ni dokta 😂

Hapana, swali ni ya akili. Mi nilikuaga nasema Bukavu hatuna palu (malaria) juu ya baridi, mupaka mwezi wa kumi na moja nikafanya gut epes (kupima palu mu damu), ikatoka krwa mbili, ni kusema palu iko, siku tatu sikuamka. Baridi haikunisaidia kitu.

Lakini munifasirie: palu nayo ni virusi? Juu mi nasikiaga batu banaichanganya yote.


Mutu_wa_Labo (Bukavu)

Nitajibu, mi ni mutu wa labo, haya mambo njo ninapenda.

Kwanza Kadutu, palu haiko virusi. Ni parazite, inaitwa plasmodiumu, inabebwa na imbu ya Anopheles yenye inauma usiku. Virusi kama dengi, chikungunya na homa ya manjano zinabebwa na Aedes, ile nyeusi yenye alama nyeupe ku miguu, yenye inauma muchana. Munakumbuka homa ya manjano ya Kinshasa mu 2016, na chikungunya ya 2019 kule Kinshasa na Kongo Central? Aedes. Na Aedes inapenda nini? Mapipa, mapine ya zamani, kopo zenye maji. Mwana_Ndosho, kwenu ni hoteli yake.

Sasa kinga. Imbu iko nayo, lakini haiko kama yetu. Haina anti-kor (zile kinga za mu damu zenye chanjo inaamusha), hauwezi kuichanja. Iko na ukuta wa tumbo, iko na kengele za ndani ya seli zenye zikilia zinatoa sumu ndogo ndogo za kuua mikrobe (hizo kengele banaziita Toll na Imd, majina tu, musishike), na iko na mukasi yenye inakata ARN ya virusi (maandishi yake ya ndani) vipande vipande. Mbona haimalizi virusi? Juu virusi haiui imbu. Wanaishi pamoja kama bapangaji bawili mu nyumba moja, imbu inaikandamiza ibakie kidogo, virusi inakubali. Ikisha kuingia, imbu inabaki nayo mupaka kufa. Lakini mbele ya kukuambukiza wewe, virusi inapaswa kwanza kupita ukuta wa tumbo, izunguke mu mwili, ifike ku tezi za mate, na hiyo safari kwa dengi inachukuaga siku 8 mupaka 12 hivi. Imbu yenyewe inaishi juma chache tu. Kwa hiyo pambano yote iko pale ku ukuta wa tumbo, siku za kwanza, na pale njo bakteria ziko.

Waza sentinele (mulinzi) wa kiwanja. Akiwa peke yake usiku, kimya, saa nane analala. Lakini kama mbwa za jirani zinabweka usiku muzima, halali, anazunguka na tochi. Bakteria za mu tumbo njo mbwa zenye zinabweka. Imbu ikisha kunywa damu zinazaana mara mia na kupita mu siku moja, kengele za imbu zinalia, sumu ndogo ndogo zinamwagika, na virusi yenye ilikuja na ile damu inakuta sentinele ako macho. Kosa haikuwa yake, imekutana na vita ya wengine.

Bafundi ba Johns Hopkins kule Marekani balipima mu 2008 na 2009: balipatia imbu antibiotiki mupaka tumbo ikabaki bila bakteria, kisha bakazipa damu yenye dengi ku Aedes na damu yenye plasmodiumu ku Anopheles. Zile zenye tumbo "safi" njo zilishikwa zaidi.

Kwa hiyo swali ya dada yako, jibu ni kinyume ya vile ulikuwa unawaza. Na hiyo haiko kuwaza tu, mu 2015 kulitoka utafiti, sehemu yake ilifanyiwa Burkina Faso, bakatia penisilini na streptomisini mu damu ya mutu kwa kiasi kama ya mutu yenye ako mu matibabu, bakalishia Anopheles. Bakteria zikapunguka, palu ikashika imbu zaidi, na tena imbu zikaishi zaidi na kutaga zaidi. Unaelewa? Amoksi ya bure bure inaweza kufanyia imbu mema kuliko inamufanyia dada yako.


Mwana_Ndosho (Goma)

Eee mukubwa, mi nimebaki mudomo wazi. Kwa hiyo mutu akiwa na palu mu damu na anameza amoksi juu anawaza ni tifoidi, imbu yenye inamuuma inaondoka na palu kirahisi?

Na zile zenye zinafungua mulango ni gani?


Mutu_wa_Labo (Bukavu)

Ndiyo, hiyo hali njo inafanana kabisa na ile ya utafiti. Mu labo naonaga fishi za namna hiyo kila juma: mutu amekuja siku ya tano na plaketi mbili za antibiotiki zimeisha, tunaangalia gut epes, palu iko inacheza.

Zenye zinafungua mulango: moja inaitwa Serratia marcescens. Ukiipanda mu boite ya labo inaotesha rangi nyekundu kama mawese, muzuri kuangalia. Hiyo ikikaa mu tumbo ya Aedes inatoa protini moja yenye inakula ule ute wenye unafunika ukuta wa tumbo. Ute ukiisha ukuta uko uchi, dengi inapita. Batu ba China balionyesha hiyo mu 2019. Sasa hapo mufano wangu wa mbwa inabadilika kidogo, hii mbwa haibweki, hii njo inatafuna kamba ya mulango. Njo maana mutu akiniambia "bakteria ni muzuri kwa imbu" ao "ni mubaya" mi namuuliza gani, na mu imbu gani, na kwa virusi gani.


Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi)

Nasoma tangu asubuhi, niruhusuni na mie niweke neno, ingawa Kiswahili changu cha Lubumbashi mutakicheka.

Bwana Mutu wa Labo ameeleza vizuri, lakini mfano wa sentinele nauona haufiki mbali. Kuna bakteria haina haja na sentinele kabisa. Inaitwa Wolbachia. Hertig na Wolbach waliiona mwaka 1924 ndani ya mbu wa kawaida wa nyumbani kule Boston, na kwa miaka mingi ilikuwa kitu cha wataalamu tu. Haikai tumboni kama hizi zingine. Inaishi ndani ya seli zenyewe, inapita kutoka mama kuingia mu mayai, na iko ndani ya karibu nusu ya aina zote za wadudu duniani. Lakini Aedes aegypti, yule mbu mkuu wa dengi, kwa asili hana.

Wataalamu wa Australia wakaichukua kutoka kwa kale kanzi kadogo kanakozunguka ndizi zilizoiva, wakaipiga shindano ndani ya mayai ya Aedes. Kazi ya miaka. Mayai yenyewe ni madogo kuliko punje ya mutama, sindano inaingizwa chini ya mikroskopi, na mengi yanakufa. Ikashika. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba mbu wenye Wolbachia hawabebi dengi vizuri wala chikungunya.

Sasa kwa nini? Mwanzo watu wote walisema ni kengele, ni kinga imeamshwa. Na kweli ndani ya mbu ambaye amepata Wolbachia mpya kengele zinalia. Lakini ndani ya kale kanzi kenyewe, ambako Wolbachia ni mwenyeji tangu zamani, kengele hazilii na virusi bado vinazuiwa! Basi si kengele peke yake. Inaonekana Wolbachia na virusi wanagombania vitu vilevile ndani ya seli, hasa kolesteroli. Bakteria imekwisha kukaa mezani, imekula, virusi inafika inakuta sahani tupu. Kwa hiyo ndugu yangu, mbwa huyu habweki, anakula tu bukari (ugali) ya mwizi.

Na odio ya WhatsApp: nusu ni kweli. Waliachilia mbu wa namna hiyo Cairns, Australia, mwaka 2011, kisha Indonesia, Brazili, Kolombia, wazi kabisa, wakipita nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa. Yogyakarta, Indonesia, waligawa muji vipande 24, kumi na viwili vikapata mbu wenye Wolbachia na vingine hapana, matokeo yakatoka 2021: dengi ilipunguka kwa asilimia 77, na wale wa kulazwa hospitali kwa asilimia 86. Ujanja wake ni huu: dume mwenye Wolbachia akipanda jike asiye nayo, mayai hayatotoi. Jike mwenye nayo anazaa na dume yeyote. Kwa hiyo kila kizazi wenye bakteria wanazidi, bila mtu kuongeza.

Nusu ya uongo ni kwamba inaingia ndani ya mutu. Haiingii. Hii ya mbu inaishi ndani ya seli za mbu mwenyewe, na haipiti mu mirija ya mate.

Jambo moja tena, la jirani zetu. Mwaka 2011 kulitangazwa bakteria ya aina ya Enterobacter, iliyotolewa ndani ya mbu wa porini wa Zambia. Hii haingoji sentinele, inatengeneza oksijeni kali inayoua plasmodiumu moja kwa moja. Sisi hapa Lubumbashi tunanunua bunga Zambia, wao wamarekani wamenunua bakteria.


Kadutu_Boy (Bukavu)

"Anakula bukari ya mwizi" 😂😂 mwalimu umeniua

Lakini naona kila kitu ni Australia, Marekani, China. Siye huku tunatoa tu damu.


Mutu_wa_Labo (Bukavu)

Mwalimu, nakubali, umenishika. Mufano wa sentinele ni kwa bakteria za tumbo, kwa Wolbachia haifae. Na nitaongeza juu yako: usifurahie Wolbachia bila kuangalia. Kuna imbu moja ya Marekani, Culex tarsalis, balipoitia Wolbachia mu labo virusi ya West Nile ilizidi, haikupunguka. Na ile Wolbachia ya kanzi inaogopa joto, maji ya pipa yakichemka na jua kali, bakteria inapunguka mu mwili ya imbu.

Kadutu, we mutu wa Bukavu unasema hivyo? Lwiro unaijua? Unapita Kavumu, unapanda, kilomita 40 na kitu kutoka mujini, ile nyumba kubwa ya tangu Babeleji penye kuko na sokwe. Unajua tu sokwe. Pale batu ba santre ya utafiti banakamataga imbu tangu zamani, na ndani ya Anopheles moja ya pale, demeilloni, njo kulionekana Wolbachia mingi sana, mu karibu imbu zote, inapita kwa mayai. Ilitoka mu maandishi 2018, kisha 2021 ikahakikishwa pamoja na Anopheles ingine, moucheti. Kumbuka miaka yote vitabu vilikuwa vinasema Anopheles haina Wolbachia kabisa! Mupaka 2014 ikaonekana kidogo Burkina Faso, na hiyo batu bengine balibisha. Ya Lwiro ilikuwa mingi mupaka ukiangalia mu ovari unaiona inajaa. Demeilloni haiko kati ya zile kubwa za palu, lakini ukitafuta Wolbachia yenye imezoea kuishi mu Anopheles, utaitafuta wapi kama haiko pale yenye imekaa yenyewe bila kupigiwa shindano?

Mi nilifanyaga mwezi moja pale, zamani. Asubuhi saa kumi na moja tunaingia mu nyumba za batu na kale kabomba ka kuvuta na mudomo, ukivuta vibaya imbu inafika ku koo. Nimekula ngapi, Mungu njo anajua.


Mama Infirmye (Goma)

Bana, mi niko garde, nimesoma yote haraka haraka.

Kwanza musitoke hapa mukaenda kuambia batu baache antibiotiki. Mutoto ako na pnemoni, amoksi inamuokoa, imbu itafute maisha yake. Shida ni ile ya kununua bila kupimwa. Mwanangu wa Ndosho, ambia dada yako homa yote ni gut epes kwanza ao test ya haraka. Amoksi haiponeshe palu na haiponeshe virusi. Hata moja.

Sasa mi niko na swali yangu kwa mutu wa labo. Imbu inatoa wapi hizo bakteria? Inazaliwa nazo? Juu kama inazitoa mu maji ya pipa, si tungemwanga tu bakteria ya muzuri mu pipa, tumalize?


Mutu_wa_Labo (Bukavu)

Mama, aksanti, ile ya pnemoni nilipaswa kuisema mi mwenyewe.

Ndiyo, nyingi inazitoa mu maji. Mutoto ya imbu, ule mududu wenye unacheza mu pipa, anakula maji machafu na bakteria zinaingia. Akigeuka imbu kubwa anatapanya karibu zote, kidogo zinabaki, zingine anazipata akikunywa maji ao sukari ya maua. Na hazitaki tu kumusumbua: mu labo ukitotoa mayai bila bakteria hata moja, mutoto hakomai, anabaki mudogo mupaka anakufa. Kwa hiyo imbu ya pipa ya Ndosho na imbu ya shimo la Katuba hazina tumbo moja, hata kama ni ndugu.

Kumwanga bakteria mu pipa: kuna yenye banamwangaga, inaitwa Bti, ilipatikana mu 1976 mu jangwa ya Israeli. Lakini hiyo haiishi na imbu, hiyo ni sumu ya kuua batoto ba imbu mu maji. Ile ya kubadilisha tumbo iko ingali kazi ya labo. Kwa sasa pipa unaifunika. Kitambaa yenye haina tundu, kamba pembeni, na unasugua ndani kila juma, juu Aedes inabandikaga mayai ku ukuta pa juu ya maji, na yanakauka miezi bila kufa. Ukimwanga tu maji umemwanga bure.


Mwana_Ndosho (Goma)

Mukubwa, Mwalimu, Mama, aksanti sana. Swali ya mwisho: nitajuaje kama zenye ziko mu pipa yetu ni za palu ao za virusi?


Mutu_wa_Labo (Bukavu)

Chukua maji mu shupa nyeupe, acha itulie, angalia pembeni. Mutoto ya Anopheles analala juu ya maji sawasawa kama kijiti yenye inaelea. Mutoto ya Aedes ao Culex (imbu ya kawaida ya nyumba) ananing'inia, mukia juu kichwa chini, juu anapumua na kamurija ka ku mukia. Ukigonga shupa zote zinashuka, ngoja zipande tena.


Mwana_Ndosho (Goma)

Nimefanya. Shupa ya maji ya kununua, nimeikata juu. Ziko 14, zote kichwa chini, hakuna hata moja yenye inalala. Kumbe tangu zamani siye tulikuwa tunasema ni imbu za palu!

Nilitaka kuiweka ku dirisha nione zikigeuka, dada ameuliza ni nini nikamwambia, amesema mimi ao shupa, mumoja analala inje. Nimefunika na kitenge yake ya zamani nimeiweka nyuma ya choo, asijue ni gani.


Mama Infirmye (Goma)

Mwanga hiyo shupa.